Tazama Sikio la Ndama

Mwaka 2001 kreta ya Ngorongoro ilinuka mizoga. Ukame wa mwaka 2000 ulikuwa umewakondesha nyati hadi mbavu kuhesabika. Mvua ziliporudi, majani yakaota marefu na kupe wakajaa. Nyati walikufa kwa mamia. Simba wa kreta walipungua kwa takriban theluthi. Vifaru weusi, waliokuwa wachache kiasi cha kila mmoja kufahamika, nao wakaanza kufa, na ndani ya damu yao wataalamu wakakuta kimelea ambacho hakikuwa na jina katika vitabu. Mwaka 2003 kilipewa jina: Babesia bicornis. Ni kimelea cha jamii inayoenezwa na kupe.

Kisa cha simba kilichukua muda zaidi kueleweka. Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 wa Serengeti walikufa, na lawama zote ziliangukia kirusi cha distempa, ugonjwa wa mbwa. Lakini kirusi hicho kilikuwa kimepita miaka mingine bila simba kuteketea. Kwa nini safari hii? Mtafiti Linda Munson na wenzake walirudi kwenye damu iliyohifadhiwa, na mwaka 2008 wakachapisha jibu. Katika miaka yote miwili ya vifo, 1994 na 2001, ukame ulikuwa umewadhoofisha nyati, nyati dhaifu wakafunikwa na kupe, na simba walipojilia nyati hao kwa urahisi wakaokota kupe pamoja na vimelea vyao. Kirusi kilivunja kinga ya mwili, vimelea vya jamii ya Babesia vikamaliza kazi.

Wingi huo wa nyati na kupe una historia yake: hadi mwaka 1974 palikuwa na maboma ya Wamaasai ndani ya kreta. Ng'ombe walikula majani yakabaki mafupi, na wafugaji walichoma yaliyozeeka ili machipukizi yapate nafasi. Kisha wakaazi wakahamishwa, moto ukakoma, majani yakarefuka, na nyati, walao majani marefu, wakaongezeka hadi kufikia maelfu. Baada ya vifo vya 2001 hifadhi ililazimika kurudisha uchomaji wa mpango, na utafiti ulioongozwa na Robert Fyumagwa wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania ulionyesha kuwa sehemu zilizochomwa zilikuwa na kupe wachache kuliko zilizoachwa. Jambo hilo wafugaji walilijua kabla halijaandikwa katika jarida lolote.

Mkasa huo wa kreta una faida kwa mfugaji, kwa sababu unaonyesha mahali kupe anapoishi hasa. Watu wengi humfikiria kama mdudu wa ng'ombe. Kwa hesabu ya siku, kupe ni mdudu wa majani.

Chukua kupe wa kahawia, yule anayependa kujificha sikioni. Hula mara tatu tu maishani, na kila mara kwa mnyama mwingine: akiwa lava mwenye miguu sita, akiwa kijana, na akiwa mzima. Mlo mmoja hauzidi siku chache. Muda wote uliobaki, ambao waweza kuwa miezi mingi, yuko chini kwenye mashina ya majani akijibadili, au juu kwenye ncha ya jani, miguu ya mbele ameinyoosha, akingoja pumzi na joto la mnyama anayepita. Jike akishashiba hudondoka, hutaga mayai kwa maelfu, na kufa. Anahitaji unyevu. Kwenye uwanda mkavu wa Olduvai na Ndutu, wenye majani mafupi na jua kali, mayai yake hukauka. Kwenye nyanda za juu zenye ukungu, kuanzia Nainokanoka hadi Nayobi, na kwenye kingo za msitu juu ya Karatu, anapata kila anachotaka.

Kupe huyo ndiye anayebeba Theileria parva, kimelea cha ndigana kali. Wamaasai huiita oltikana, na sikio la Mswahili husikia mara moja undugu wa maneno hayo mawili. Wazungu waliiita homa ya pwani ya mashariki, kwa sababu ilipozuka Rhodesia mnamo 1902 walibaini imefika na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka pwani yetu. Mtafiti Robert Koch aliitwa kuichunguza. Arnold Theiler wa Afrika Kusini akaachia jina lake kwenye kimelea. Kwa wafugaji wa bara, wakati huo, haikuwa habari mpya.

Lava huanguliwa akiwa safi. Ugonjwa huupata kwa kunyonya mnyama mwenye vimelea, huuhifadhi anapojibadili, kisha huupeleka kwa mnyama wa pili. Hata hapo haupeleki papo hapo: vimelea vilivyo kwenye tezi za mate huhitaji siku tatu hivi za kunyonya kabla ya kukomaa na kuingia kwa ng'ombe. Siku hizo tatu ni mwanya mkubwa kwa mtu mwenye ng'ombe wawili bandani. Akipitisha vidole masikioni kila jioni wakati wa kukamua, anaweza kuuvunja mnyororo kabla haujafunga.

Akichelewa, dalili huonekana baada ya wiki moja hadi mbili. Mitoki chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, joto hupanda kupita nyuzi 40, ndama huacha kunyonya, macho hutoa machozi. Mwishoni mapafu hujaa maji, mnyama hupumua kwa shida na povu jeupe humtoka puani. Dawa ipo, buparvakuoni, na inaponya vizuri ikitolewa siku za mwanzo. Povu likishatoka, mara nyingi pesa ya sindano imetupwa. Ndigana baridi, inayomfanya ng'ombe apauke na kufunga choo, ni ugonjwa mwingine kabisa licha ya jina. Vivyo hivyo ugonjwa wa kukojoa damu, unaoletwa na kupe wa bluu, na ule wa moyo kujaa maji, unaoletwa na kupe mkubwa mwenye marembo ya rangi mgongoni. Kuyachanganya haya manne na kununua dawa moja kwa yote ni kosa linalofanyika kila siku kwenye maduka ya dawa za mifugo.

Ukubwa wa hasara ulipimwa na mtafiti Fredrick Kivaria katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006: magonjwa ya kupe yalikadiriwa kuigharimu Tanzania dola za Marekani milioni 364 kwa mwaka, pamoja na vifo vya ng'ombe milioni 1.3. Ndigana kali peke yake ilibeba asilimia 68 ya hasara hiyo.

Sasa vuka lango la Lodoare ukitokea Karatu, upande kuelekea ukingo wa kreta. Upande wa Karatu kuna mashamba ya Wairaqw, mahindi na ngano, na banda lenye ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa waliochanganywa damu ya kizungu. Upande wa pili kuna Wamaasai na makundi ya zebu wanaotembea. Kupe ni yuleyule, na nyati wa msitu wa nyanda za juu hushuka usiku hadi mashamba ya Rhotia na Oldeani bila kuonyesha kibali. Lakini vita dhidi yake havifanani, na sehemu kubwa ya makosa ya miaka mingi yametokana na kuagiza dawa moja kwa pande zote mbili.

Kwa Ngorongoro, tatizo la kupe lilikuzwa na nyumbu. Maelezo yake ni marefu kidogo lakini hayaepukiki. Eneo la hifadhi lilipoundwa mwaka 1959, mfugaji alikuwa na mzunguko wake: masika anashuka uwandani kwenye majani mafupi yenye madini, kiangazi anapanda milimani kwenye maji na majani marefu. Mzunguko huo ulimtenga na kupe katika msimu ule ule ambao kupe wazima huwa wengi, yaani wakati wa mvua. Kisha chanjo ya ng'ombe ikaimaliza sotoka iliyokuwa ikiwaua ndama wa nyumbu, na nyumbu wa Serengeti wakapanda kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi milioni 1.3 hivi mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyumbu hao huzaa uwandani mwanzoni mwa mwaka, na ndama wao hutoa kirusi ambacho hakiwadhuru wao ila humuua ng'ombe, na tiba hakina. Mfugaji akafungiwa nje ya uwanda wake mwenyewe. Akabaki milimani masika yote, kwenye unyevu, kwenye majani marefu, kwenye kupe. Shuka ukutane na nyumbu, baki ukutane na kupe: wengi walichagua kupe, kwa sababu kupe angalau anaacha wengine hai.

Matokeo yake yalikuwa vifo vya ndama na hata vya ng'ombe wazima. Ngorongoro pia ikapata sifa ya ugonjwa ambao Wamaasai huuita ormilo: ng'ombe huzunguka mahali pamoja kichwa kimeinama, kama aliyepoteza njia, hadi aanguke. Wataalamu wanauhusisha na vimelea vya Theileria vinavyoziba mishipa midogo ya ubongo.

Jibu la kwanza la serikali, tangu enzi za mkoloni, lilikuwa josho. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mchovye ng'ombe kila wiki, kupe wataisha. Ilianza na maji ya aseniki, kupe wakayazoea. Ikafuata toksafini, sumu ambayo leo imepigwa marufuku duniani kwa mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Sumu hizo ziliua hata shashi, ndege mwenye mdomo mwekundu anayekula kupe bure mgongoni mwa mnyama. Miaka ya 1970 majosho yalijengwa kwa wingi nchini na dawa ikatolewa bure au kwa ruzuku nene. Ruzuku ilipokatika katikati ya miaka ya 1980, majosho yakakauka mengi, mengine yakageuka mashimo ya takataka.

Hapo ndipo mkasa ulipojitokeza. Zebu wa asili, akiumwa na kupe wachache tangu utotoni, mara nyingi huugua kidogo, hupona, na hubaki na kinga. Wataalamu huita hali hiyo uwiano wa ugonjwa. Ng'ombe aliyeogeshwa kila wiki bila kukosa hapati nafasi hiyo. Josho likisimama ghafla, kwa dawa kuisha au pampu kuharibika, kundi zima hukutana na kimelea kwa mara ya kwanza likiwa limekua. Kwa hiyo kwa zebu wa Endulen au Olbalbal, huko Ngorongoro, lengo la kuangamiza kupe wote lilikuwa baya tangu mwanzo. Hilo ni neno gumu kulitamka mbele ya mtu anayeokota kupe kwa mikono, lakini ndivyo lilivyo.

Kilichobadilisha mambo ni chanjo, tena chanjo ya ajabu. Ilibuniwa Muguga, nje kidogo ya jiji la Nairobi, katika miaka ya 1970, na mbinu yake ni ya kijasiri: ndama hupewa ugonjwa wenyewe, ukiwa hai, na dawa kwa wakati uleule. Sindano moja ya vimelea chini ya sikio, nyingine ya oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Ndama huugua kwa siri, hupona, na kwa kawaida hubaki na kinga ya maisha. Vimelea vyenyewe ni mchanganyiko wa aina tatu, zinazoitwa Muguga, Kiambu na Serengeti. Hii ya tatu chanzo chake ni nyati. Kuitengeneza ni kufuga kupe kwa malaki, kuwanyonyesha damu yenye ugonjwa, kisha kuwasaga. Kituo kinachoizalisha sasa kipo Lilongwe, Malawi.

Kuanzia mwaka 1998 chanjo hiyo ilipelekwa kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, na ndani ya takriban muongo mmoja zaidi ya ndama nusu milioni walikuwa wamechanjwa, wengi wao wa Wamaasai, Ngorongoro ikiwemo. Jambo la kuzingatia ni nani aliyelipa. Wafugaji walilipa wenyewe, kutoka mifukoni, watu ambao kwa miaka mingi walitajwa kwenye semina kuwa hawapokei mabadiliko. Walipoona ndama wanabaki hai, hawakuhitaji semina. Kila aliyechanjwa hutobolewa hereni sikioni, na mnadani hereni hiyo huongeza bei.

Chanjo ina mipaka yake. Hailindi dhidi ya ndigana baridi wala kukojoa damu. Dhidi ya aina za kimelea zinazotoka moja kwa moja kwa nyati, ulinzi wake hulegea, na Ngorongoro ng'ombe na nyati hukanyaga majani yaleyale. Kwa hiyo anayechanja bado anahitaji kuogesha, ila si kila wiki mwaka mzima. Bado pia anahitaji alalili, ile sehemu ya malisho inayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama, iliyo mbali na njia ya nyati.

Rudi sasa Karatu. Ng'ombe wa maziwa mwenye damu ya Friesian au Ayrshire hana urithi wa zebu. Kupe wachache wanaomkomaza ndama wa Olbalbal wanatosha kumzika mtamba wa Rhotia. Kwake hakuna uwiano wa kusubiri: chanjo ni lazima, na uogeshaji uwe wa ratiba. Wengi wanadhani ng'ombe wa bandani yuko salama kwa kuwa hatoki, wakasahau kwamba majani hutoka. Mzigo uliokatwa kando ya msitu au kwenye njia ya ng'ombe wa jirani huja na kupe wake, amekaa kwenye ncha, anangoja. Majani yaliyoanikwa juani siku mbili tatu kabla ya kulishwa hupunguza hatari hiyo, na hayagharimu hata senti.

Kikwazo cha chanjo Karatu ni cha hesabu zaidi kuliko cha imani. Chanjo husafiri ndani ya naitrojeni ya kimiminika, mrija mmoja hubeba dozi zipatazo 40, na ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache. Mmaasai mwenye kundi humaliza mrija kwa boma moja au mawili. Mfugaji wa Endabash mwenye ndama mmoja anahitaji majirani 39. Hii ni kazi ya ushirika wa maziwa, ya kanisa, ya ofisa mifugo wa kata mwenye daftari la nani ndama wake amefikisha mwezi. Si kazi ya mtu mmoja kupiga simu Arusha. Palipo na mpangaji mmoja makini, ndama 40 hupatikana asubuhi moja.

Serikali nayo imerudi kwenye uogeshaji. Mwishoni mwa mwaka 2018 Wizara ya Mifugo na Uvuvi ilizindua kampeni ya kitaifa wilayani Chato, kwa dawa ya ruzuku na ada ya shilingi 50 kwa ng'ombe na 10 kwa mbuzi au kondoo. Ilikuwa bei inayolipika. Kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 ilileta ruzuku kwa homa ya mapafu, sotoka ya mbuzi na kondoo, na kideri cha kuku. Ndigana kali haikuwemo, na kwa ugonjwa uliokadiriwa kubeba theluthi mbili ya hasara ya kupe nchini, pengo hilo ni la kuulizwa bungeni.

Palipokosekana josho, pampu ya mgongoni ndiyo imetawala, na huko ndiko kupe anakofundishwa usugu. Ng'ombe mmoja mzima huhitaji lita kati ya 5 na 10 za dawa iliyochanganywa ili alowe hadi ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Anayebana matumizi hunyunyizia lita moja mgongoni, mahali ambapo kupe wa kahawia hakai kabisa. Mwingine huchanganya kwa kofia ya chupa kwa kukisia, dawa ikawa nyepesi; walio dhaifu hufa, wenye nguvu huzaa. Wa tatu hubadili dawa kila mwezi akifuata jina jipya kwenye chupa bila kujua kuwa chupa zote zina kiambato kile kile. Cha kusoma ni maandishi madogo: kama ni amitrazi, kama ni jamii ya pairethroidi, kama ni jamii ya fosfati. Kubadili ni kutoka jamii moja kwenda nyingine, kwa ushauri na kwa muda mrefu. Maji yaliyobaki hayamwagwi kijitoni, maana pairethroidi huua samaki upesi.

Watu nao hawakuachwa. Papasi, binamu wa kupe mwenye ngozi laini, ameishi kwenye sakafu za udongo na nyufa za nyumba za Tanzania kwa vizazi, akiwauma waliolala na kuwapa homa inayokwenda na kurudi. Wapo waliotibiwa malaria mara tatu kabla ya mtu kukumbuka homa ya papasi. Kupe wa marembo naye huwapa watu homa yenye kidonda cheusi mahali alipouma, na watalii hurudi nayo kwao wakamshangaza daktari. Dawa ya doksisaiklini huitibu vizuri. Anayechunga, anayekata majani na anayeongoza wageni kwenye nyasi ndefu ajikague mwili jioni, hasa kwapani na kinenani.

Kwenye minada ya Karatu mtamba aweza kutoka upande wowote wa lango la Lodoare. Anayenunua aanze na masikio. Kwenye sikio atafute hereni ya chanjo, na aulize ilitobolewa lini na nani. Kisha alikunje sikio hilo, atazame ndani, na ashuke na kiganja hadi kwenye mitoki. Akikuta imevimba, amrudishie mwenyewe ng'ombe wake, hata kama bei ni nzuri.